Mashine ya breli iende likizo na mtoto

Neno "Thika" likiandikwa kwa breli, herufi kwa herufi na bila alama ya herufi kubwa, lina nukta 12. "Ruiru" lina 16. Mtoto asiyeona anayejifunza kusoma huzipapasa nukta hizo kwa ncha ya kidole cha shahada, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele stima ikiwa imepotea. H ina nukta tatu, na u pia ina nukta tatu. Tofauti yao ni mahali nukta zilipokaa, na kati ya nukta na nukta kuna milimita mbili na nusu hivi. Siku za kwanza kidole huhisi vipele visivyo na maana yoyote. Mwalimu huushika mkono, huurudisha mwanzo wa mstari, na safari huanza upya.

Wengi wakisikia Thika hufikiria mananasi, viwanda na maporomoko ya mto Chania. Wachache hukumbuka kwamba mji huo una historia ndefu kuliko miji yote ya Kenya katika elimu ya wasioona. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona hapo mwaka 1946, miaka 17 kabla ya uhuru, na shule ya upili ikafuata miaka ya 1960. Vizazi kadhaa vya Wakenya wamejifunzia huko kusoma kwa vidole, wakatoka wakawa walimu, mawakili na watumishi wa umma.

Sasa tazama kinachotokea muhula unapofungwa. Mtoto wa Ruiru hupanda matatu kurudi nyumbani, mwendo wa kilomita ishirini hivi kwenye barabara kuu ya Thika, akiwa na begi la nguo. Mashine ya breli, ambayo kwa kawaida ni mali ya shule, hubaki kabatini. Likizo ya mwisho wa mwaka hukaribia wiki kumi. Kaka na dada zake wanaoona huendelea kusoma bila hata kujua kwamba wanasoma: jina lililochorwa ubavuni mwa matatu, bei ya unga dukani, nambari ya M-Pesa ukutani, maandishi yanayopita chini ya habari za runinga. Yeye hana nukta hata moja ya kugusa mpaka Januari.

Serikali, bodi za shule na wazazi wengi huliona hilo kuwa jambo dogo la ratiba. Si dogo. Linafika hadi ndani ya seli za ubongo wa mtoto, kwenye jeni zenyewe, na sayansi yake imeeleweka kwa kina cha kutosha kuwafanya wanaopanga bajeti za elimu waisikilize.

Kisa kinaanzia kwenye ngozi. Ncha ya kidole imejaa miisho ya neva, na miisho hiyo ina vipokezi, yaani protini zilizopenya utando wa seli kama lango lililo kwenye ua. Kimoja chao kinaitwa Piezo2. Nukta ikiibonyeza ngozi, utando huvutika, lango hufunguka, chembe zenye chaji huingia, na neva hutuma ishara ya umeme. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut anayefanya utafiti California, alitangaza ugunduzi wa vipokezi vya Piezo mwaka 2010, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius. Ni ugunduzi wa juzi tu. Louis Braille, Mfaransa aliyepoteza macho akiwa mtoto baada ya kujichoma kwa sindano ya kushonea ngozi katika karakana ya babake, alibuni maandishi yake akiwa na miaka 15, mwaka 1824. Alijua kidole kinaweza kusoma karibu karne mbili kabla ya mtu yeyote kujua kinavyoweza.

Ishara hupanda mkono, hupita kwenye uti wa mgongo na kufika kwenye ubongo, wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Huko seli husemezana kwa kemikali. Ncha ya seli moja humwaga glutameti kwenye pengo jembamba, na seli ya pili huidaka kwa vipokezi vyake. Kimoja cha vipokezi hivyo, kiitwacho NMDA, kina tabia ambayo mwanachama yeyote wa chama cha akiba ataitambua. Sanduku la fedha za chama huwekwa kufuli zaidi ya moja, na kila ufunguo hukaa na mtu wake, asiwepo wa kulifungua peke yake. NMDA nacho hakifunguki kwa glutameti pekee. Tundu lake limezibwa na chembe ya magnesiamu, na chembe hiyo haibanduki mpaka seli yenyewe iwe imesisimka vya kutosha. Funguo mbili zikikutana, sanduku hufunguka na kalsiamu humiminika ndani.

Ndiyo maana mwalimu wa breli haweki kidole cha mtoto kwenye karatasi akanyamaza. Kidole kinapozihisi nukta ya kwanza, ya tatu na ya nne, sikio linapaswa kusikia "m" papo hapo, kisha "mama". Mambo mawili yaliyokutana kwa wakati mmoja ndiyo hufungua sanduku. Walimu walilijua hilo kwa uzoefu wa darasani kabla ya maabara kulithibitisha.

Kalsiamu iliyoingia huamsha vimeng'enya, na habari husafirishwa kutoka pembeni mwa seli hadi kwenye kiini, mahali DNA ilipohifadhiwa. Huko kuna protini iitwayo CREB, iliyotulia juu ya DNA ikisubiri. Ikifikiwa na habari hiyo, hupachikwa fosfeti, na jeni zilizokuwa kimya huanza kunakiliwa.

Mkulima wa kahawa wa Ruiru haumshangazi mtindo huo. Ruiru ndiko kiliko kituo cha utafiti kilichotoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, aina fupi inayohimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Wakati wa kiangazi matumba ya maua huwa yamekwisha kujiunda kwenye matawi, lakini yamelala. Mvua ya kutosha ikinyesha, baada ya siku nane hadi 12 shamba zima huwa jeupe na kunukia kama asumini. Maua yalikuwamo tangu mwanzo. Mvua ilileta amri tu. Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kuunda protini, na katika seli yoyote nyingi kati yazo zimelala. Kipokezi kikiguswa sawasawa, ndipo mvua inaponyesha ndani ya seli.

Mwaka 1986 Michael Greenberg, Edward Ziff na Lloyd Greene walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyobadilisha fani hii. Waliamsha vipokezi vya asetilikolini kwenye seli za panya zilizofanana na seli za neva, na ndani ya dakika chache jeni iitwayo c-fos ikaanza kunakiliwa kwa wingi. Dakika, si siku. Nakala za c-fos hufika kileleni baada ya nusu saa hivi, kisha hufifia. Lakini kabla ya kufifia, protini yake huwa imeamsha jeni nyingine. Huamka pia nyingine zenye majina ya kimaabara kama Arc na BDNF. Hii ya mwisho hutoa protini inayolisha na kuimarisha viungo kati ya seli. Saa zinavyopita, seli hujenga: vichipukizi vidogo hukua kwenye matawi yake, viungo vilivyokuwa dhaifu hupata vipokezi zaidi, vingine vipya huota.

Hapo ndipo "nimeisikia" inapogeuka "ninaijua".

Aliyelionyesha hilo kwa ustadi kuliko wote ni Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani akiwa na miaka tisa baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Hakuanza na binadamu. Alimchagua Aplysia, konokono mkubwa wa baharini mwenye seli za neva elfu ishirini hivi, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana bila hadubini. Seli zake zikipewa serotonini mara moja, kiungo kati yao huimarika kwa dakika chache tu. Zikipewa mara tano, kwa vipindi vyenye mapumziko, huimarika kwa zaidi ya siku nzima. Watafiti walipoweka dawa inayozuia kuundwa kwa protini mpya, kumbukumbu fupi ilibaki na ile ndefu ikatoweka. Mwaka 1990 walipoizuia CREB isiguse jeni zake, matokeo yalikuwa yale yale. Kandel alipata Nobel mwaka 2000.

Jambo la kushika hapo ni ile "mara tano kwa vipindi". Tim Tully na wenzake, kule Cold Spring Harbor, walifundisha nzi wa matunda kuikimbia harufu fulani. Kundi moja lilipewa masomo kumi mfululizo. Kundi la pili lilipewa masomo kumi yale yale, lakini kila somo likafuatwa na mapumziko ya dakika 15. Kundi la pili ndilo lililobaki na kumbukumbu ya siku nyingi, ile inayohitaji jeni kuamka. Jumla ya masomo ilikuwa sawa. Mpangilio ndio uliotofautiana. Seli huhitaji kugongwa, kupumzika, kugongwa tena. Na kazi ya kujenga haiishi kengele ya darasa ikilia, huendelea usiku. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa muda wa kulala katika shule za bweni, na shule inayowaamsha watoto saa kumi alfajiri inaiba katika saa hizo za ujenzi.

Kutoka konokono na nzi hadi mtoto wa Ruiru ni mbali, na hakuna atakayefungua fuvu la mwanafunzi kuangalia CREB. Lakini kuna utafiti mmoja uliofanywa kwa binadamu, kwa watu wasioona, kwa breli yenyewe, na kila mkuu wa shule ya wasioona angeufurahia.

Alvaro Pascual-Leone, daktari wa neva mzaliwa wa Hispania, aliwafuatilia watu wasioona waliokuwa wakijifunza breli siku tano kwa wiki. Kwa kifaa cha sumaku kinachowekwa juu ya kichwa bila kupasua chochote, alipima ukubwa wa eneo la ubongo linalohudumia kidole cha kusomea. Alipima Ijumaa, baada ya juma zima la masomo, na akapima Jumatatu, baada ya mapumziko ya siku mbili. Ramani za Ijumaa zilipanuka haraka tangu majuma ya kwanza. Ukizitazama hizo peke yake utasema mwanafunzi ameiva. Ramani za Jumatatu zilisema mengine. Kila Jumatatu eneo lilikuwa limerudi karibu na lilikoanzia. Mambo yalikwenda hivyo mwezi baada ya mwezi, hadi mwezi wa sita hivi, ndipo ramani za Jumatatu zilipoanza kupanda nazo, polepole, zikatulia kwenye mwezi wa kumi. Na kilichopanda Jumatatu hakikushuka: wanafunzi walipopumzika miezi miwili kamili, ramani zao zilibaki pale pale.

Pascual-Leone aliyaeleza mabadiliko ya Ijumaa kuwa ya haraka, ubongo ukitumia njia zilizokuwapo tayari, na yale ya Jumatatu kuwa ujenzi wa kweli. Ujenzi wa kweli kwenye seli za neva huhitaji protini mpya, na protini mpya huhitaji jeni zilizoamshwa, siku baada ya siku, na vipokezi vilivyoguswa siku baada ya siku. Kuna miezi sita ambayo ndani yake kila kilichojengwa kinaweza kubomoka.

Sasa rudi kwenye kalenda ya shule za Kenya. Mtoto anayeanza breli Januari hupata miezi mitatu hivi, kisha likizo ya Aprili. Anarudi, anasoma miezi mingine mitatu, kisha likizo ya Agosti. Halafu muhula mfupi wa tatu, na likizo ndefu. Katika mwaka wake wa kwanza, mwaka wenyewe wa ramani za Jumatatu, mnyororo unakatika mara tatu. Mtu mzima aliyekwisha kuvuka mwezi wa kumi anaweza kupumzika miezi miwili bila hasara. Mtoto wa darasa la kwanza hajafika huko. Anarudi Januari na mwalimu anaanza tena kumshika mkono, na kosa huandikwa kwa jina la mtoto: mzito wa kuelewa, mvivu, amesahau kila kitu. Kumwita mzito mtoto ambaye vipokezi vyake havikuguswa kwa wiki kumi ni dhuluma, hata kama anayesema hana nia mbaya.

Mwaka 2020 ulilionyesha hilo kwa ukubwa wa kutisha. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba. Waliobaki walisubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Masomo yalihamia kwenye redio na runinga. Mtoto aliyekuwa ameanza breli Januari 2020 alikuwa na miezi miwili na ushei mkononi, kisha kimya cha zaidi ya miezi tisa. Redio ilimpa habari na hadithi, lakini haikukigusa kidole chake.

Wapo wanaosema breli imepitwa na wakati. Simu ya bei nafuu sasa husoma ujumbe kwa sauti, kompyuta husoma kitabu kizima, na mtoto anaweza kusikiliza badala ya kupapasa. Hoja hiyo ina uzito wake, na hakuna anayepaswa kumnyima asiyeona simu inayoongea. Lakini kusikia kitabu kikisomwa ni jambo moja na kusoma ni jingine. Anayesikia tu hajui kwamba "ng'ombe" lina kibainishi na "ngoma" halina. Hawezi kuurudia mstari wa hesabu kwa utulivu, akapapasa mabano, akagundua alipokosea. Na ubongo nao unatofautisha. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walichapisha katika jarida la Nature picha za ubongo za watu waliopoteza uwezo wa kuona mapema maishani. Walipokuwa wakisoma breli, sehemu ya nyuma ya ubongo, ile ambayo kwa wanaoona hupokea picha kutoka machoni, ilikuwa ikifanya kazi. Shamba lililoachwa bila mbegu lilikuwa limepewa mkulima mwingine.

Kisha kuna kisa cha mwanamke wa Hispania, asiyeona tangu kuzaliwa, msomaji hodari wa breli ambayo alikuwa akiitumia kazini kila siku. Akiwa na umri wa miaka 63 alipata kiharusi kilichoharibu sehemu hiyo ya nyuma ya ubongo pande zote mbili. Alipopata nafuu, hisi ya vidole vyake ilikuwa salama. Aliweza kutambua vitu vya nyumbani kwa kuvigusa. Alizihisi nukta za breli zote zilipo. Lakini hakuweza tena kuzisoma. Zilikuwa vipele tu, kama siku ya kwanza ya mtoto wa darasa la kwanza. Madaktari waliandika kisa chake mwaka 2000. Ni ushahidi wa kusikitisha kwamba kusoma kwa vidole ni kitu kilichojengwa ndani ya tishu ya ubongo, kwa miaka, kwa kugusa, na hakuna sauti ya simu inayoweza kukijenga kwa niaba ya kidole.

Sheria haipingani na haya. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali kukuza matumizi ya breli pamoja na lugha za kiasili na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaorahisisha kunakili vitabu kwa ajili ya wasioona bila kukwama kwenye hakimiliki. Kwenye karatasi mambo yako sawa. Kilio cha walimu kwa miaka mingi kimekuwa kile kile: mashine chache, karatasi nzito na ghali, vitabu vinavyochelewa. Ukurasa mmoja wa chapa ya kawaida huzaa kurasa mbili au tatu za breli, kwa hiyo kitabu kimoja cha kiada huwa mzigo wa majuzuu kadhaa.

Mashine inayotumika zaidi ni Perkins, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1951: vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na cha saba cha kuacha nafasi. Ni chuma kitupu, na uzito wake unakaribia kilo tano. Wanaotaka isitoke shuleni watasema itaanguka, itaibiwa, mtoto hawezi kuibeba kwenye matatu. Ni hofu ya haki. Ila mashine iliyofungiwa kabatini wiki kumi haimfundishi mtu, na shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa lenye makao Nairobi limeonyesha kwamba Perkins zilizoharibika hutengenezeka zikarudi kazini. Shirika hilo pia limekuwa likisambaza Orbit Reader 20, kifaa kidogo kinachoinua na kushusha nukta zenyewe, chenye uzito wa nusu kilo hivi. Hicho kinaingia kwenye begi la mtoto pamoja na soksi zake.

Na kama vyote viwili havipo, upo mtambo wa zamani kuliko vyote: kibao chenye vitundu na sindano butu ya kutobolea. Karatasi hubanwa, nukta hutobolewa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha karatasi hugeuzwa na kusomwa kushoto kwenda kulia. Ni polepole, na mkono huchoka. Lakini kibao hicho hubebwa mfukoni, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Tena kusoma hakuhitaji mashine kabisa. Kunahitaji karatasi zilizokwisha kuandikwa. Kurasa thelathini za hadithi, zilizotobolewa darasani wiki ya mwisho ya muhula, zingempa mtoto wa Ruiru ukurasa mmoja kila siku ya likizo ya Aprili, robo saa asubuhi na robo saa jioni. Kwa kiungo kinachotaka kugongwa na kupumzika, hiyo ni dozi nzuri kuliko saa tano za Jumapili moja.

Kaunti ya Kiambu na Wizara ya Elimu hazina sababu ya kusubiri tume. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 Thika. Ruiru ina karibu watu mara mbili ya Thika, mitaa mipya ya magorofa inaota kila mwaka palipokuwa na mashamba ya kahawa, na mtoto asiyeona anayezaliwa kwenye gorofa hizo anahitaji nukta za kwanza akiwa na miaka mitatu au minne, kabla ya umri wa kupelekwa bweni. Shule ya chekechea ya jirani yake iwe na mwalimu mmoja anayejua breli. KISE, taasisi inayofunza walimu wa mahitaji maalumu, iko Kasarani, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Ruiru. Bajeti itaje mashine kwa idadi ya watoto, si kwa idadi ya madarasa, na kila mtoto wa miaka miwili ya kwanza ya breli apewe kibali cha kubeba kifaa nyumbani, kwa saini ya mzazi na ya mwalimu mkuu.

Mzazi naye ana lake. Anayeona anaweza kujifunza breli kwa macho katika wikendi chache. Herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. K hadi t ni hizo hizo zikiongezwa nukta moja chini kushoto. U, v, x, y na z huongeza mbili. W pekee ndiyo iliyokaa kando, kwa sababu Kifaransa cha enzi za Louis Braille hakikuwa na haja nayo. Kiswahili hakitumii q wala x, na hutamkwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mama au nyanya anayejua herufi hizo chache anaweza kukaa kibarazani na mtoto, karatasi mapajani, akasikiliza na kusahihisha.

Mzazi ambaye mtoto wake bado hajapimwa ampeleke kwenye kituo cha tathmini cha elimu, EARC, cha kaunti yake ndogo. Vituo hivyo vipo tangu 1984. Na yule ambaye mtoto wake tayari yuko bweni, siku ya kufunga shule asiondoke langoni na begi la nguo tu. Aulize kwa upole na kwa msimamo: mtoto huyu anakwenda nyumbani na nini cha kusoma kwa vidole vyake? Asikubali kupanda matatu bila angalau kurasa thelathini.